Koo la Pili

Picha ya kwanza ilitoka kwenye dawa ikiwa na utelezi.

Wabwile alidhani ni mikono yake. Alikuwa amefanya kazi ya eksirei miaka kumi na mmoja, minane kati ya hiyo katika kliniki ya Daktari Kabura pale Kitale, na picha mbichi aliijua vizuri: huwa baridi, laini, na hunuka siki. Hii ilikuwa vuguvugu. Juu yake palikuwa na utando mwembamba, na alipoiinua kwenye taa nyekundu ya chumba cha giza, utando ule ukafuata kidole chake ukivutika kama makamasi. Harufu yake nayo ilikuwa ya bakuli la uji wa wimbi lililofunikwa likasahaulika wiki nzima pembeni mwa jiko.

Akaenda kwenye bomba akanawa mikono mara tatu kwa sabuni.

Huyu Wabwile alikuwa mtu wa kinyaa tangu utoto. Kwao Bumula walimcheka kwa hilo. Hakuwahi kula chakula cha matanga, wala hakunywa maji kwa kikombe ambacho hakukiosha yeye mwenyewe. Watu walishangaa mtu wa namna hiyo kuchagua kazi ya kutazama matumbo ya wenzake, naye aliwajibu kwamba eksirei ndiyo kazi safi kuliko zote hospitalini, kwa sababu unaona kila kitu na hushiki chochote.

Leo alikuwa ameshika. Na aliyekuwa kwenye ile picha alikuwa Rispah, dada yake mdogo.

Ilikuwa Oktoba mwaka wa 1987. Rispah alikuwa ameolewa Myanga na fundi wa baiskeli aliyeitwa Barasa, mtu mpole asiyesema sana. Walikuwa wamekuja wote wawili wakafikia kwa Wabwile. Rispah alisema tangu mwezi wa sita alikuwa akila na kukonda. Akila kidogo, njaa inazidi. Tena miguu ilikuwa imeanza kufa: kwanza alihisi kama siafu wanatembea kutoka kiunoni hadi kisiginoni, halafu siafu wakaacha kutembea na mguu wa kushoto ukaacha kusikia hata ukichomwa na sindano. Daktari Kabura akaamua anyweshwe bariamu, ile dawa nyeupe, nzito kama chokaa, inayomwezesha mtu wa eksirei kuona njia ya chakula.

Wabwile aliibandika picha kwenye kioo cha taa, Daktari Kabura akavaa miwani na kuitazama. Njia ya chakula ya binadamu ni mrija mmoja, unatoka kooni na kushuka hadi tumboni. Ya Rispah ilishuka hadi chini kidogo ya mifupa ya mabega, ikagawanyika. Mrija mmoja ulikwenda tumboni kama kawaida. Wa pili, mwembamba kama kamba ya kiatu, ulipinda nyuma ukaufuata uti wa mgongo.

"Wabwile, umepiga picha mbili juu ya moja," daktari alisema.

"Hapana, Daktari. Filamu nilifungua mpya."

"Basi rudia kesho. Binadamu hana makoo mawili."

Kesho yake akarudia. Koo la pili lilikuwepo, ila halikuwa limekaa kama jana. Jana lilikuwa limelalia kushoto kwa mgongo, leo lilikuwa limejiviringisha kulia, na ncha yake ya juu ilikuwa imesogea kiasi cha upana wa kidole kuelekea shingoni. Daktari Kabura alizitazama zile picha mbili kwa muda. Hakusema tena habari ya filamu.

"Tumtazame akiwa anakunywa," alisema. "Kwa kile kioo kinachong'aa."

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, ya msaada kutoka ng'ambo, na kioo chake kilitoa mwanga hafifu sana. Kabla ya kukitazama ilibidi mtu avae miwani myekundu robo saa ili macho yazoee giza. Ilikuwa saa sita mchana. Nje kulikuwa na jua kali, na makondakta wa matatu za Kapenguria waliitana kwa kelele. Ndani, madirisha yalizibwa kwa mablanketi meusi. Wabwile na Daktari Kabura walikaa na miwani yao, na Rispah akasimama nyuma ya kioo akiwa ameshika kikombe. Sista Jepkoech, muuguzi wa pale, alimshika kiunoni asianguke.

"Kunywa kidogo, Rispah," Wabwile alisema. "Sasa meza."

Kwenye kioo, tone la dawa lilishuka katikati ya vivuli vya mbavu. Likafika pale penye njia panda, likasimama. Wabwile akahesabu moja, mbili, tatu. Halafu ile njia ya nyuma ikafunguka na kuvuta.

Haikusukuma kama koo la mtu linavyosukuma chakula. Ilivuta, kama mtoto anavyovuta ziwa la mama, kwa mikupuo mifupi yenye pumzi katikati, na kwenye mdomo wa ule mrija Wabwile aliona kitu kikifunguka na kufunga, kikifunguka na kufunga, hadi tone zima likaisha. Ndipo kile kilichobaki, mabaki membamba kama mate, kikaruhusiwa kushuka kwenye tumbo la dada yake.

"Ndugu yangu," Rispah alisema gizani kwa sauti ya chini, "mbona nasikia ni kama kuna mtu ananyonya, hapa nyuma ya roho yangu?"

Wabwile alikuwa ameinama ameziba mdomo kwa kiganja, na kiganja kile, pamoja na kuoshwa kote kule, bado kilinuka uji uliochacha.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na meza. Sellah, mke wa Wabwile, ndiye aliyesikia kwanza. Walikuwa wakila chakula cha mchana Jumamosi, ugali na mboga za kunde, na redio ilikuwa imezimwa. Rispah akameza tonge. Baadaye kidogo, baada ya yeye kufunga mdomo na kuweka mkono chini, tonge likamezwa tena. Sauti yake ilikuwa ya majimaji, gluu, halafu ikafuata nyingine ndogo, ya ufizi unaopigana na ufizi.

Sellah alimtazama mumewe. Barasa, shemeji yao, alitazama sahani yake.

Rispah hakumaliza chakula. Mkono wake wa kulia ukaanza kuisukuma sahani juu ya meza, polepole, ukipita chumvi, ukipita jagi la maji, hadi ikasimama mbele ya Nanyama, binti wa miaka sita wa Wabwile na Sellah.

"Malizia, mwanangu," Rispah alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na kichwa chake kilikuwa kinatikisika kukataa. "Malizia chakula ya shangazi."

Mtoto akanyoosha mkono. Sellah aliipokonya ile sahani kwa nguvu hadi mboga zikamwagikia kitambaa.

"Huyu ameshiba!" alisema, akatoka nayo nje kuwapa kuku.

Kuku walikuja mbio kama kawaida yao. Wakafika hatua moja kutoka kwenye lile tonge, wakasimama, wakanyoosha shingo. Halafu wakatawanyika wakilia, na mmoja akapanda juu ya paa la choo, akakaa huko hadi jioni.

"Baba Nanyama," Sellah alimnong'oneza mumewe uani, "mimi nampenda dada yako. Lakini hiyo si ugonjwa. Mimi nimesikia ikitafuna. Na haina meno."

Jumatatu Daktari Kabura akajaribu njia yake ya mwisho. Alisema kama koo lile limekwenda mgongoni, basi limebana mishipa ya fahamu, na ndiyo sababu miguu inakufa. Angeingiza sindano kiunoni, katikati ya mifupa, atoe maji kidogo ya mgongoni, kisha aingize dawa ya rangi ili mishipa ionekane kwenye picha. Alikuwa ameifanya kazi hiyo mara nyingi alipokuwa Nairobi.

Rispah alikalishwa amekumbatia mto, mgongo umepinda. Alikuwa amekonda hata mifupa ya uti ilihesabika. Daktari akapaka dawa ya ganzi, akaingiza sindano ndefu, akatulia, akaisukuma kidogo, akavuta.

Maji ya mgongoni huwa meupe, safi. Wabwile, aliyekuwa amesimama tayari na filamu, alikuwa ameyaona mara nyingi. Kilichoanza kupanda ndani ya bomba la sindano kilikuwa kizito na cha rangi ya kahawia. Kilikuwa na chengachenga. Kilipanda polepole kikifanya mapovu madogo, na chumba kizima kikajaa ile harufu, chungu na tamu pamoja, harufu ya kitu kilichokuwa chakula, na Wabwile akaelewa kabla akili yake haijakubali kuelewa kwamba alichokuwa anakiona kikitolewa ndani ya uti wa mgongo wa dada yake, mahali ambapo hata damu haifiki hovyo, ulikuwa uji wa wimbi, uji wa kawaida kabisa, uliosagwa kwa mtama kidogo na kupikwa jikoni kwa mtu.

Daktari Kabura aliitoa sindano. Akaiweka kwenye trei. Akaenda kwenye sinki, akatapika, akafungua maji, akanawa uso.

"Mimi nimesoma miaka saba," alisema bila kugeuka. "Hakuna mahali tulifundishwa uji."

Aliyemjibu alikuwa Sista Jepkoech. Alikuwa mzaliwa wa miteremko ya Elgon, na siku zote aliogopa kumwambia daktari mambo ya kwao.

"Daktari, kuna mama mmoja kule juu kwetu. Kogo Chesang, kogo kwetu ni nyanya. Yeye hutoa watu vitu. Si mtu wa mapembe na ngozi, ni mtu wa kanisa kabisa. Nikimwita utanifukuza kazi?"

Daktari alilitazama lile bomba la sindano kwenye trei. Mapovu yalikuwa bado yanapanda.

"Mwite," alisema.

Kogo Chesang alifika Jumapili baada ya ibada, kliniki ikiwa imefungwa. Alikuwa bibi mfupi, mnene, amevaa gambuti zenye matope mekundu, na Biblia yake ilikuwa ndani ya mfuko wa unga wa plastiki. Hakusalimia mtu kabla ya kumsalimia Rispah. Alimlaza kifudifudi akapitisha vidole vyake kwenye uti wa mgongo, mfupa kwa mfupa, akiwa amefumba macho. Alipofika katikati ya mgongo, ngozi ikainuka chini ya vidole vyake na kumfuata, kama paka anavyouinukia mkono wa anayempapasa. Kogo akatema mate pembeni.

"Iko," alisema. "Watu wa Pwani wanaita hii jini. Sisi hatuipatii jina, ikipewa jina inaitika. Nimeisikia na vidole mara mbili tangu nizaliwe. Nani alikupa mabaki, mama? Ulimaliza chakula ya nani?"

"Sijui, Kogo."

"Unajua. Mtu mzee. Ulikula kwa heshima."

Rispah akawaza, akiwa amelalia shavu. "Mama mkwe," alisema hatimaye. "Siku ile alikufa. Nilikuwa namlisha uji. Alikunywa nusu, akakataa, akanishikisha bakuli. Ndani kulikuwa na... mate yake ilikuwa inaelea juu, Kogo. Na kitu kama kamasi. Sikutaka. Lakini niliambiwa nimheshimu."

"Uliambiwa na nani?"

Rispah alifumbua macho akamtazama mume wake aliyekuwa amesimama mlangoni, na polepole wote wakageuka kumtazama.

Barasa alivua kofia.

"Mama alizaa watoto saba kabla yangu," alisema. "Wote walikufa. Mimi nilipozaliwa, alienda Mumias kwa mtu fulani, akarudi na hiyo kitu tumboni. Ati ingekula magonjwa yangu. Na kweli, mimi sijawahi lala hospitali. Lakini yeye alikuwa anakula na hashibi, anakula na hashibi, hata meno yote ikaisha. Siku ile aliniita mara tatu. Bakuli ilikuwa mkononi mwake. Alisema, 'Barasa, ni yako, imekulea.' Nikasema nimeshiba." Akafuta pua kwa kofia. "Nikamwambia Rispah amalizie."

Wabwile alitaka kumrukia shemeji yake, na wakati huohuo alijua, kwa aibu iliyomchoma, kwamba hata yeye asingelinywa lile bakuli. Hata kwa ajili ya mama yake mzazi, asingelinywa.

"Ulijua," Rispah alisema. Hakupaza sauti. "Miezi minne umelala kando yangu ukisikiza ikimeza, na ulijua."

Kogo Chesang akainua mkono. "Hiyo ugomvi mtapigana baadaye. Hii inatoka na njia mbili. Ya kwanza, mwingine amalizie chakula yako, iende kwake. Ndiyo maana inakusukuma mkono."

"Hapana," Rispah alisema haraka. "Hapana. Wacha inimalize mimi."

"Ya pili sijawahi kuiweza, kwa sababu sijawahi kuona ndani. Nyinyi mnaona." Akamgeukia Wabwile. "Wewe mtu wa picha. Hii kitu inaanzia wapi na inaishia wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu yaanze mambo haya, Wabwile aliulizwa swali la kazi yake. Akazibandika picha zote sita kwenye kioo cha taa, kwa mpangilio, akachukua kalamu ya mafuta na kuifuata ile njia. Ilianzia chini ya koo. Ilishuka nyuma ya moyo. Ilijiviringisha kwenye mgongo, na kiunoni, pale ambapo mishipa ya fahamu huning'inia kama mkia wa farasi, ilikuwa imejisuka pamoja nayo, uzi kwa uzi, kama nywele za msichana. Halafu ikavimba na kuwa kifuko. Alizunguka kifuko kile kwa kalamu mara mbili, akitafuta tundu.

"Hapa inaishia," alisema. "Na haina pa kutokea, Kogo. Imefungwa. Inakula tu, hainyi."

Daktari Kabura alisogea akaweka kidole kwenye picha. "Bariamu," alisema taratibu. "Tukimpa mgonjwa tunamwambia anywe maji mengi, kwa sababu ikikwama mwilini inaganda. Inakuwa jiwe. Na hii kitu ndiyo hunywa kwanza, kabla ya Rispah."

Kogo Chesang aliwatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Basi tuishibishe," alisema.

Waliikoroga bariamu nzito, bila maji ya kutosha, ikawa kama udongo wa kukandika ukuta. Madirisha yakazibwa, miwani myekundu ikavaliwa. Kogo alisimama kando ya Rispah akiomba kwa lugha ya kwao, maneno yaleyale tena na tena, bila haraka. Barasa alipewa beseni la bati. "Ni ya kwenu," Kogo alimwambia. "Ukiangusha hiyo beseni, itatafuta mlango mwingine humu ndani."

Kikombe cha kwanza kilivutwa chote. Cha pili kikavutwa kwa pupa. Kwenye kioo Wabwile alikiona kile kifuko kikijaa kutoka chini, cheupe, kikitanuka. Kikombe cha tatu, ule mdomo ukasita. Ukavuta kidogo, ukasita, ukajaribu kufunga, na Rispah, huku dawa ikimtiririka kidevuni na mapaja yake yakitetemeka mikononi mwa Jepkoech, akakishika kikombe kwa mikono miwili na kukimimina kooni mwake kwa hasira ya miezi minne, akameza, akameza, akameza tena, na chini kule kiunoni nyuzi za ule msuko zikaanza kuachia, wa kwanza, wa pili, kama mama anavyofumua nywele za mtoto, hadi mguu wa kushoto wa Rispah, ambao haukuwa umesikia kitu tangu Agosti, ukapiga teke kioo kikalia, na yeye mwenyewe akapiga ukelele kwa sababu maumivu yote ya wiki zile yaliurudia kwa pamoja, na hapo hapo ile kamba nyeupe, nzito, iliyokuwa imeanza kukakamaa, ikajikunja kutoka chini, ikageuka, na kuanza kupanda.

"Inakuja!" Wabwile alipiga kelele. "Iko nyuma ya moyo! Iko kooni! Barasa, beseni!"

Jepkoech alimwachia Kogo mgonjwa, akavuta blanketi dirishani kwa woga, na jua la saa nane likaingia wote waone.

Shingo ya Rispah ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyemeza ngumi. Mdomo wake ukafunguka kupita kiasi, na kutoka humo kikatoka kitu mfano wa utumbo wa kondoo, cha kijivu, kinachotona, kimejaa ndani vipande vigumu vilivyogongana kama chaki mfukoni, kikaja, kikaja, pima moja, pima moja na nusu, kikijikunja ndani ya beseni na kutoa ile harufu kwa nguvu hata macho yao yakatiririka, na Wabwile akaona mwisho wake umenasa kwenye meno ya dada yake na dada yake hawezi kupumua. Rangi ya uso wake ilikuwa inageuka. Mikono ya Barasa ilikuwa na beseni, na ya Kogo ilikuwa imemshika mgonjwa asianguke. Yule mtu ambaye hakuwahi kunywa kwa kikombe cha mwenzake aliingiza mikono yote miwili mdomoni mwa Rispah, akakishika kile kitu, kikiwa vuguvugu na utelezi na kikipiga chini ya vidole vyake kama moyo, akakivuta.

Kikatoka. Kwenye ncha yake hapakuwa na kichwa wala macho. Palikuwa na ufizi. Ufizi wa juu na ufizi wa chini, wa rangi ya waridi, usio na meno, wa mtu mzee, ukifunguka na kufunga kuelekea aliko Barasa.

Barasa aliutambua. Alilia kama mtoto, akasema, "Mama." Lakini beseni hakuliangusha.

Kogo Chesang alilifunika kwa trei ya bati, akakalia juu yake na gambuti zake, na kuimba wimbo wa kanisa wote, beti zote, hadi kilichokuwa chini kikaacha kugonga. Walipofunua, kilikuwa kimekauka, kigumu, kama kipande cha ukuta uliobomoka. Barasa alikipeleka Myanga siku hiyohiyo, na yeye na Kogo wakakizika kando ya kaburi la mama yake.

Rispah hakwenda naye. Mwezi mzima alikaa kwa Wabwile akijifunza kutembea, na Barasa alipokuja kumchukua, alimwendea hadi langoni, akamsalimia, akamwambia arudi nyumbani peke yake. Baadaye alipanga chumba Moi's Bridge akawa anauza mahindi. Akanenepa. Akawa mwepesi wa kucheka.

Kabla hajaondoka Kitale, Wabwile alimpiga picha moja ya mwisho. Dawa ilishuka kwa njia moja hadi tumboni. Mishipa ya kiunoni ilining'inia vizuri. Lakini pale chini ya koo palikuwa na tundu, na nyuma yake, chembamba kama uzi, kivuli cha njia iliyokuwa tupu.

"Ni kovu," Daktari Kabura alisema. "Mwambie ni kovu."

Wabwile aliizungusha picha mikononi. Akakumbuka jinsi dada yake alivyonyamaziwa miezi minne na mtu aliyempenda. Akaenda akamwonyesha.

"Kitu yenyewe imetoka," alimwambia. "Nyumba yake bado iko."

Rispah aliitazama picha. "Basi kila mwaka utanipiga," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Desemba alikuja na zawadi za watoto, akanywa dawa, wakatazama pamoja. Dawa ilifika njia panda, ikatulia, ikashuka tumboni. Miaka minane mfululizo.

Desemba ya 1995 walikuwa wawili tu chumbani. Wabwile alikuwa na mvi sasa. Alivaa miwani myekundu robo saa kama kawaida, wakiongea habari za mvua na bei ya mbolea. Rispah akachukua funda moja, akameza. Tone likashuka, likafika njia panda, likasimama. Wabwile akahesabu moja, mbili, tatu. Akahesabu nne.

Kisha tone likavutwa nyuma, mara moja tu, kidogo, kama mtu anayeonja.

Nje watu walikuwa wanacheka barabarani.

"Ndugu yangu," Rispah alisema. "Imekunywa?"

Wabwile alikitazama tena kioo. "Imekunywa," alisema.

Alimsikia akikiweka kikombe juu ya meza na kujifuta mdomo kwa mkono.

"Mwite Sista Jepkoech anishike," alisema. "Na unikorogee ingine. Nzito. Usitie maji."